Panga Digrii Yako Kuanzia Mwaka wa Nne

Wewe uliyepangiwa na KUCCPS kwenda kusomea hisabati, ukiwa Shika Adabu, Mtopanga, Chaani au Port Reitz, nina neno nawe. Siku ya usajili hakuna atakayekuwa na wasaa wa kukuambia. Siku hiyo ni foleni ya ada, foleni ya picha ya kitambulisho, foleni ya vyumba. Utaonyeshwa yuniti za muhula wa kwanza, utaambiwa uzisajili kwenye tovuti kabla ya tarehe fulani, na wa nyuma yako ataitwa. Utarudi nyumbani ukidhani umeshapanga masomo, kumbe umepewa ratiba ya idara tu. Miaka minne hiyo bado haijapangwa na mtu yeyote, na asiyeipanga mwenyewe hupangiwa na mitihani.

Anza mwisho, urudi nyuma. Nenda ofisi ya idara uombe orodha nzima ya yuniti za miaka minne pamoja na masharti yake: ipi sharti itangulie ipi. Iwe ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, au umepelekwa mbali hadi Maseno au Eldoret, orodha hiyo ipo na ni haki yako kuisoma. Ziandike yuniti za mwaka wa nne juu ya ukurasa, kisha uchore mshale kutoka kila moja kwenda kwa zile zinazoibeba. Ukurasa utajaa mishale, na utaona mingi inaangukia pahali pamoja: kalkulasi, aljebra mstari, uwezekano, na analisisi halisi. Yuniti nne hizo ndizo digrii yako. Nyingine zote zimekalia mabega yao.

Kwa hivyo usijilinganishe na rafiki yako anayesomea kitu kingine. Yeye akiteleza kwenye mada moja mwaka wa kwanza, huenda asikutane nayo tena maishani. Wewe utakutana nayo mwaka wa pili, wa tatu na wa nne, kila mara ikiwa imevaa nguo mpya. Katika vyuo vingi vya umma nchini alama ya kupita ni 40, na mtihani wa mwisho huchukua asilimia 70 huku majaribio ya muhula, CAT, yakichukua 30. Mwanafunzi aliyepata 41 kwenye Kalkulasi ya Kwanza amepita kwa mujibu wa kanuni, na wenzake watampongeza. Lakini akifika kwenye milinganyo tofautishi atatakiwa kutafuta intego kila mstari, na pale alipobahatisha ndipo atakapokwama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukipata 41, ukubali umepita, halafu utumie likizo yote kurudia kitabu kile kile kana kwamba umefeli. Fanya hivyo! Hakuna atakayekulazimisha, na hiyo ndiyo sababu inabidi ujilazimishe.

Mwaka wa kwanza una mtego wake. Utakuwa na yuniti sita, saba, pengine nane, na kadhaa kati yake ni za wote: stadi za mawasiliano, maswala ya UKIMWI, na kadhalika. Zifanye vizuri, ndiyo. Lakini A za huko zisikuleweshe. Saa zako bora, zile ambazo kichwa kimetulia na nyumba imenyamaza, zipe kalkulasi na yuniti ya msingi inayofundisha seti, mantiki na namna ya kuthibitisha. Hiyo ya mwisho wengi huidharau kwa sababu haina hesabu ndefu. Ndiyo mlango wa yote yajayo.

Sasa nije kwa mwaka wa pili, kwa sababu hapo ndipo wengi huvunjika moyo, na sitaki uvunjike. Analisisi halisi itakujia ikiwa imejaa alama za Kigiriki, na mhadhiri atakutaka uthibitishe mambo ambayo tangu sekondari uliyachukulia kuwa wazi. Utajiuliza: kwani nani hajui kwamba 1 gawanya kwa 2, kwa 3, kwa 4, na kuendelea, inakaribia sufuri? Kila mtu anajua. Haya, thibitisha. Mimi nitakupa nambari ndogo niipendayo, mradi izidi sufuri, na kazi yako ni kunionyesha hatua ambayo kuanzia hapo hakuna jibu litakalozidi nambari yangu. Nikikupa 0.001, utaniambia: kuanzia hatua ya 1,001, zote ziko chini. Nikikupa 0.000001, utaniambia: kuanzia hatua ya 1,000,001. Ukiweza kunijibu kwa nambari yoyote nitakayokuja nayo, bila kujua mapema nitakuja na ipi, umeshinda. Zile alama za Kigiriki hazisemi zaidi ya mchezo huo.

Ukishauelewa mchezo huo kwa mkono wako mwenyewe, kwa kuandika na kufuta, umekuwa mwanahisabati. Nasema bila kupiga chuku. Kabla ya hapo ulikuwa mtu anayefuata kanuni alizopewa. Ndiyo sababu nakusihi usiingie analisisi ukiwa umejibebesha yuniti nyingine mbili nzito ambazo zingeweza kungoja. Kama idara inakupa nafasi ya kuchagua, ulegeze muhula huo. Kitabu cha analisisi cha Bartle na Sherbert kitafute mapema, kwenye likizo inayotangulia, usome sura mbili za mwanzo polepole na kufanya mazoezi yake. Aljebra mstari nayo, masomo ya Gilbert Strang aliyefundisha MIT yako bure mtandaoni. Pakua ukiwa na intaneti ya chuo, uangalie nyumbani.

Na ukirudi mtaani utaulizwa. Maskani yote ya Kisauni yana mtu wa kuuliza: hesabu, utafanyia kazi gani, ualimu? Kwanza ualimu ni kazi ya heshima, na shule zetu za bara zinauhitaji kuliko chochote. Pili, mpeleke anayekuuliza kwenye kivuko cha Likoni saa moja asubuhi.

Hebu tuseme, kwa mfano, watu 200 wanaingia eneo la kusubiria kila dakika, na kila mmoja husubiri kwa wastani dakika 15. Basi wakati wowote utakapochungulia, pale ndani pana watu wapatao 3,000. Zidisha tu. Feri moja ikitolewa na wastani ukapanda hadi dakika 25, wamekuwa 5,000, na nafasi ni ile ile. Uhusiano huo mwepesi ulithibitishwa na John Little wa Marekani mwaka 1961, na nadharia ya foleni yenyewe ilianza na Erlang, Mdenmaki aliyeandika mwaka 1909 kuhusu simu zinazopigwa Copenhagen. Meli zinazongoja gati Kilindini, malori ya makontena Changamwe, wagonjwa kwenye korido ya hospitali: yote ni foleni, na yote yana mtu anayepaswa kuyapigia hesabu. Kwa nini asiwe mtoto wa Likoni, aliyesimama kwenye foleni hiyo maisha yake yote? Lakini tazama mishale yako: foleni inadai uwezekano, na uwezekano unadai kalkulasi. Nafasi ya kazi hiyo inatengenezwa mwaka wa kwanza.

Au nenda kwa wavuvi wa Mtongwe. Wanajua bila karatasi kwamba maji hujaa na kutoka mara mbili kwa siku, kwamba kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50, kwamba bamvua huja na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na maji mafu katikati yake. Mtaalamu wa hisabati huyachukua maji hayo hayo akayagawa kuwa mawimbi kadhaa, moja la mwezi, moja la jua, na mengine madogo, kila moja na kasi yake. Kisha akayajumlisha na kuandika jedwali la mwaka mzima ujao. Wazo la kujumlisha mawimbi lilikuzwa na Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu joto, na utalikuta kwenye yuniti za mwaka wa tatu. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ina makao yake makuu Mkomani, mwendo mfupi tu kutoka Kisauni. Ukiyataka maji, basi milinganyo tofautishi, mbinu za kukadiria kwa kompyuta na takwimu ziwe kwenye mpango wako, na ombi la atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, liwe limeshafika huko kabla wenzako hawajaanza kuuliza atachimenti ni lini.

Mwaka wa tatu, basi, ni wa kuchagua. Usichague kwa kusikia kwamba yuniti fulani ni rahisi au mhadhiri wake ana huruma. Rudi kwenye mishale uangalie inaelekea wapi. Bima na benki: shika uwezekano na takwimu. Bandari na usafiri: utafiti wa uendeshaji. Kufundisha chuo kikuu siku moja: usikimbie grupu na ringi, wala topolojia, hata kama darasa litabaki na watu sita. Na kila mtu, narudia kila mtu, ajifunze kuandika programu kwa Python au R hadi aweze kuhakiki jibu lake mwenyewe.

Muda ni vita vya kila siku kwetu sisi wa ng'ambo ya kisiwa. Wa Likoni anavuka, wa Kisauni anakwama kwenye foleni ya magari kabla ya daraja la Nyali, wa Changamwe anasukumana na malori. Usijidanganye kwamba utasoma kitabu ndani ya matatu. Beba swali moja kichwani, moja tu, ulilolisoma asubuhi kabla ya kutoka. Ulitafune njiani. Jioni kutaneni watatu wa mtaa mmoja, mnunue kipande cha plaiwudi, mkipake rangi nyeusi, na kila mmoja asimame na chaki awaeleze wenzake uthibitisho mmoja bila kushika daftari. Aliyekwama ndiye aliyefaidi, kwa sababu sasa anajua la kuuliza kesho. Kama unafunga, uingize Ramadhani kwenye mpango tangu leo: mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hivyo Ramadhani hurudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka, na waweza kujua sasa hivi itaangukia wiki gani ya muhula ukiwa mwaka wa tatu. Sogeza kazi nzito baada ya daku, asubuhi ya mapema, wala usingoje kusikia uchovu ndipo ubadilishe.

Kuhusu pesa nitasema machache. Mkopo wa HELB, basari ya eneo bunge lako, basari ya kaunti: kila moja ina fomu yake na tarehe yake. Ziandike kwenye ukurasa ule ule wa yuniti, kwa sababu anayefungiwa mtihani kwa ajili ya ada ameupoteza muhula mzima, na muhula uliopotea huvuta na yuniti zote zilizokuwa zinaungoja.

Labda unasoma haya ukiwa na C+ ya hesabu na unaona haya kukaa darasa moja na wenye A. Inua kichwa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kile cha Tudor, kilianza kama taasisi ya mafunzo ya Waislamu, MIOME, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, na mmoja wa waliofanya kazi ya ukarani hapo alikuwa kijana wa Mombasa aliyemaliza shule kwa matokeo hafifu. Jina lake Ali Mazrui. Baadaye alipata digrii Manchester, Columbia na Oxford. Alama za shule zilimweka kwenye meza ya karani, hazikumzuia kuondoka hapo. Zako zimekufikisha mlangoni mwa chuo kikuu, umeshapiga hatua kumpita yeye alipokuwa na umri wako.

Na ng'ambo ya digrii kuna njia. AIMS, taasisi ya Kiafrika ya sayansi za hisabati iliyoanzia Cape Town mwaka 2003, ina kituo Kigali tangu 2016, na hutoa ufadhili wa shahada ya uzamili kwa wahitimu kutoka bara zima. Mtoto wa Timbwani ana haki ya kuomba nafasi hiyo sawa na mtoto wa Lagos. Ataombwa barua kutoka kwa wahadhiri, na mhadhiri hawezi kumwandikia vizuri mtu aliyemwona darasani tu kwa miaka minne. Hakikisha wawili wanakujua kwa jina kabla mwaka wa tatu haujaisha. Anza na yule wa analisisi. Nenda ofisini kwake na swali lililokushinda, umwonyeshe kwenye karatasi ulipofika na mstari uliokukwamisha, na akikupa kidokezo, urudi wiki inayofuata na jibu.