Enyi Waunda Sinthesaiza, Mstari Usiseme Uongo

Enyi mnaounda sinthesaiza za kompyuta, acheni kumdanganya mwanamuziki! Mnamchorea mstari unaong'aa wa envelopu, yaani mwendo wa ukubwa wa sauti, anauburuta kwa kipanya, halafu spika inatoa jambo jingine. Uongo ni uongo, hata ukipakwa rangi.

Mwaka 1965 mtunzi Vladimir Ussachevsky alimwagiza Robert Moog, fundi wa Marekani, vifaa vya kuongoza ukubwa wa sauti kwa hatua nne: kupanda, kushuka, kutulia, na kufifia kidole kikishaondoka. Moog hakuwa na skrini. Mpigaji alizungusha vifundo akasikiliza. Ninyi mmeleta picha, na mtu huamini anachokiona. Basi dhamana yenu ni kubwa kuliko yake!

Sikilizeni taarab. Uzi wa kanuni ukidonolewa, sauti huruka juu papo hapo kisha hufifia. Upinde wa fidla waweza kuikuza taratibu. Sikio huzitambua ala hizo mapema mno, katika milisekunde za mwanzo. Nanyi mmebana sekunde kumi kwenye skrini moja, bila njia ya kukuza mchoro! Milisekunde tano mpigaji atazishika kwa kidole gani? Mpeni ukuzaji. Mpeni na mahali pa kuandika namba, na nukta inayoshikika hata na mkono unaotetemeka.

Tena, sikio halipimi kwa rula. Sauti ikishushwa kwa mstari ulionyooka, husikika kama inang'ang'ania, kisha inakatika ghafla. Kwa hiyo kila kipande cha mstari kiwe na mshikio wa kukipinda, na hesabu inayochora mkunjo iwe ileile inayozalisha sauti. Mkiandika fomula mbili, moja ya macho na moja ya spika, mmekwisha kupotea. Mshuko unaopungua kwa uwiano uleule haufiki sifuri kamwe. Amueni utakomea wapi, na mchoro uoneshe hivyo.

Na mpigaji akiachia kitufe cha kinanda sauti ikiwa bado inapanda, kufifia kuanzie pale pale ilipo. Mkirukia kiwango kingine, spika italia "ta!", na atakayelaumiwa ni mpigaji.

Nawasihi pia, msiizuie sauti ili mchoro umalizike! Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, fungu la sampuli 128 halifikishi hata milisekunde 3, na huo ndio muda wote mlio nao kuandaa fungu lijalo. Andaeni mkunjo mpya pembeni, kisha ubadilisheni kwa mkupuo mmoja. (Na uburutaji mmoja utenduliwe kwa hatua moja, si arobaini. Hili hata kulisema ni aibu.)

Kabla ya kutoa toleo lenu, rekodini sauti inayotoka, pimeni ukubwa wake, muulaze juu ya mstari mliouchora. Visipolingana, msilitoe.