Nani Anaishikilia?

Ukimnunulia mtoto jiroskopu, tafuta yenye gurudumu la chuma lililo zito ukingoni, na mhimili unaozunguka bila kukwaruza. Za plastiki nyepesi husimama upesi.

Mjukuu wangu alivuta uzi kwa nguvu, akaegesha ncha moja ya mhimili kidoleni. Jiroskopu ikalala ubavu hewani, haianguki, inakizunguka kidole taratibu. "Babu, nani anaishikilia?"

Nimefundisha fizikia maisha yangu yote, na jibu ninalo: uzito ni uleule, na kidole ndicho kinachoubeba. Ila kwa kuwa gurudumu linazunguka, mvuto wa dunia, badala ya kuuangusha mhimili, huugeuza kando. Kwa chombo cha namna hii Léon Foucault alionyesha, mwaka 1852, kwamba dunia yenyewe inazunguka.

Lakini mtoto hakuuliza "vipi". Aliuliza "nani". Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisema tunaona pamba ikiungua inapokutana na moto, ila hatuoni ulazima wowote kati yao. Mtendaji ni Mungu. Baadaye mwanafalsafa Ibn Rushd akamjibu kwamba anayekana sababu anaikana akili.

Darasani nasimama na Ibn Rushd, bila kusita. Hata hivyo hesabu zangu hunipa kiasi na mwelekeo tu. Kwa nini chuma kitii kanuni, leo na kesho, hazisemi. Hapo namwamini Ghazali.

Nilimpa mjukuu majibu yote mawili. Sasa anataka kuipima jiroskopu kwenye mizani, ikizunguka na ikiwa imetulia.