Mwanga Haugawanywi kwa Vichwa

Wali ukipikwa wa watu watano wakatokea kumi, kila mmoja atakula nusu. Picha iliyo ukutani haina tabia hiyo. Akiingia mtu wa sita, wa saba, hata wa kumi, aliyetangulia kukaa haoni pungufu. Tangu nitengeneze projekta ya nyumbani, jambo hili limekuwa likinisumbua. Kama kipo kitu kinachoweza kututosha wote bila kumpunguzia yeyote, kwa nini tunaona tabu kukitumia pamoja?

Projekta yangu ya kwanza ilikuwa boksi la viatu, kioo cha kukuzia maandishi na simu. Ukiweka simu ndani, lenzi inatupa picha ukutani kichwa chini miguu juu. Ukiigeuza simu, vichwa vinakaa sawa lakini maandishi yanasomeka kinyumenyume, kama unayaona kwenye kioo cha kujitazamia. Hilo nililitatua kwa programu ya kupindua picha. Giza halikuwa na dawa. Picha yenye upana wa sentimita 15 ukiivuta hadi mita moja na nusu, eneo lake linakuwa kubwa mara 100, na mwanga uleule mdogo wa simu unatakiwa kulijaza lote. Mwingi wake hata haufiki kwenye lenzi.

Ya pili niliijenga kwa monita mbovu. Nilitoa taa zake za nyuma nikabaki na kioo chenyewe, kile kinachochora picha. Nyuma yake niliweka taa ya LED ya wati 100 yenye chuma cha kupoza na feni ya kompyuta, maana kioo kile hakipendi joto na humeza zaidi ya nusu ya mwanga unaopita. Ili mwanga usitawanyike ovyo, nilitumia lenzi bapa ya plastiki yenye mistari ya duara, niliyoitoa kwenye mashine chakavu, zile ambazo walimu walikuwa wakiwekea karatasi za plastiki ili maandishi yaonekane ubaoni.

Lenzi ya aina hiyo inaitwa Fresnel, kwa jina la Mfaransa aliyeibuni miaka ya 1820. Hakuibuni kwa ajili ya sinema. Aliitaka kwa minara ya taa inayoongoza meli usiku, ili taa moja ionekane mbali sana baharini. Na mnara wa taa ndio mfano ambao wanauchumi wameubishania kwa muda mrefu. John Stuart Mill aliandika mwaka 1848 kwamba hakuna mtu atakayejenga mnara kwa faida yake mwenyewe, kwa kuwa hawezi kumtoza kila nahodha anayeutazama. Labda pawepo tozo ya lazima. Mwaka 1974 Ronald Coase akajibu kwamba Uingereza ya zamani ilikuwa na minara ya watu binafsi, na ada zake zilikusanywa bandarini. Wote wawili waliumiza kichwa juu ya swali moja: nani alipe kwa kitu ambacho hakipungui kikitazamwa?

Sebuleni kwetu fedha haikuwa tatizo. Umeme ni uleule, na vifaa vilikuwa vya mtumba. Gharama ilikuwa mahali pengine. Ili picha ionekane, lazima wote wakubali giza. Anayetaka kusoma hawezi kusoma. Anayepita mbele anaacha kivuli chake juu ya uso wa mwigizaji. Juu ya yote, ukuta ni mmoja. Picha haigawanyiki, na uamuzi wa kutazama nini nao haugawanyiki. Hapo ndipo simu inapotushinda. Kila mtu na yake, kila mtu na anachokipenda, hakuna ugomvi. Siwezi kuubeza uhuru huo. Mdogo wangu wa kike, aliyekulia katika nyumba ambayo rimoti ilikuwa ya baba peke yake, aliniambia, "Kaka, unataka kuturudisha tulikotoka?" Alikuwa na hoja.

Nikalielewa vizuri zaidi jambo hili Mama alipoomba tuweke ukutani video ya harusi ya binamu yetu. Ina dakika sita. Ndani yake marehemu Baba anacheza, leso begani, mwaka mmoja kabla hajafariki. Sisi watoto tulikuwa nayo kwenye simu zetu, na kila mmoja alikuwa ameitazama kwa wakati wake, peke yake. Mama hakuwa ameiona sawasawa. Macho yake yamechoka, na kwenye kioo kidogo mumewe alikuwa kama kitu kinachotikisika tu kati ya watu.

Mdogo wetu wa mwisho akasema hayuko tayari. Hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba hawezi kumwona Baba akiwa mkubwa kiasi kile.

Nani ana haki hapo? Mjane ana haki ya kumwona mumewe. Kijana aliyefiwa ana haki ya kuchagua siku ya kulia. Simu ingewaridhisha wote wawili, ndivyo nilivyodhani mwanzoni. Lakini sivyo. Miezi yote ile ya simu, Mama alikuwa amenyimwa, na hakuna aliyelazimika kumtazama usoni na kumwambia hapana. Tulikuwa na amani kwa sababu aliyekosa hakulalamika. Ukuta haukuleta mgongano mpya, ulituonyesha uliokuwepo.

Kwa hiyo sidhani kwamba kutazama pamoja ni kwema kwa sababu ni kwa pamoja. Umoja unaweza kuwa rimoti ya mtu mmoja kwa jina lingine. Wema wake, ukiwepo, uko kwenye yale maongezi yanayotangulia, ambapo mmoja anasema ninahitaji kuona, mwingine anasema siwezi, na wote wanasikilizwa. Vitu vinavyogawanyika vinatufundisha kupima. Visivyogawanyika vinatudai kitu kigumu zaidi, nacho ni kuulizana.

Tuliulizana. Mdogo wetu akachagua kukaa barazani, na dada yake akaenda kukaa naye. Mama aliitazama video mara tatu. Mara ya pili alicheka, akasema kwamba Baba hakuwahi kujua kucheza.

Siku hizi kuna desturi nyumbani ambayo hakuna aliyeitungia kanuni. Kabla mtu hajazima taa, anauliza kama yupo anayeihitaji. Mara nyingi hayupo. Tunauliza hivyo hivyo.