Mtoto wa Nani Asomeshwe Kwanza?



Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotoka nyumbani, simu zetu hapa Al Wukair hujaa ujumbe wa kuomba ada. Mwaka huu kamati ya mfuko wa elimu imekwama kwenye ombi moja. Limetoka kwa mama anayefanya kazi za ndani, ambaye mwanawe amepata nafasi ya chuo huko nyumbani. Fomu yetu inauliza kama mzazi ni mshirika hai. Mama huyu hapewi mapumziko ya Ijumaa, na mwaka mzima ameabudu nasi mara mbili tu. Baadhi yetu tulisema, "Tuanze na watoto wa wanaochanga." Wengine tukasema kwamba sadaka haibagui. Hatukuafikiana, na tumeona tulilete swali kwenu: je, ni haki kutenga pesa za masomo kwa ajili ya watu wetu tu?

Wayahudi wameliishi swali hili muda mrefu. Marekani kuna mifuko inayotoa ufadhili na mikopo kwa wanafunzi wa Kiyahudi. Mtu anaweza kuuita ubaguzi. Lakini mwaka 1922 rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, A. Lawrence Lowell, alitaka idadi ya Wayahudi wanaopokelewa iwekewe kikomo, na vyuo vingine navyo viliwabana. Jamii iliyofungiwa mlango haikosei ikiwashika mkono watoto wake. Mwenye nguvu anayefunga mlango si sawa na mnyonge anayemchangia mwanawe ada. Sisi wahamiaji tunalijua hilo: watoto wetu wanakulia Doha bila kuwa raia, na wakirudi nyumbani huambiwa wazazi wao wana riyali.

Kwa mafundisho ya Kiyahudi, maskini wa ukoo wako hutangulia, kisha wa mji wako, kisha wa mbali. Lakini Talmudi pia inaagiza kwamba maskini wasio Wayahudi wasaidiwe pamoja na maskini wa Kiyahudi, kwa ajili ya amani. Mtume Paulo naye, katika Wagalatia 6:10, anatutaka tumtendee mema kila mtu, huku akiwapa ndugu wa imani uzito wa pekee. Huo ni utaratibu wa foleni. Aliye nyuma anajua zamu yake inaweza kufika. Ukuta haumwachii hata tumaini hilo.

Tuna mfano karibu na kwetu. Katika vilima vya Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, waliofuata dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919 wakiongozwa na Semei Kakungulu. Idi Amin aliipiga marufuku ibada yao, na wengi wakaiacha. Hata baadaye si Wayahudi wote duniani waliowatambua. Kwa fomu kama yetu, huenda wangekosa. Lakini wako Wayahudi wa Marekani waliowahesabu kuwa ndugu, wakachangia shule na masomo yao. Gershom Sizomu alikwenda Los Angeles kusomea urabi, akahitimu mwaka 2008, akarudi kuwatumikia watu wake. Na shule za Abayudaya, ile ya msingi ya Hadassah na sekondari ya Semei Kakungulu, zinasomesha watoto wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu pamoja. Waliopokelewa kama ndugu waliwapokea na majirani.

Sisi tulio wauguzi tunajua kwamba idara ya dharura humtanguliza mwenye hali mbaya zaidi, hata kama wengine walifika mapema. Mfuko wetu si hospitali ya umma, ni chungu cha familia, na si dhambi familia kuanza na watoto wake. Lakini hata nyumbani, mama mwenye busara haanzi kumpakulia aliyekaa karibu na chungu.

Hatupuuzi hofu ya aliyechanga miaka mitano na sasa mwanawe anahitaji ada. Pesa ni chache, na kumpa mmoja kunaweza kuwa kumnyima mwingine. Ndiyo maana tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, ndugu wa imani waendelee kutangulia. Pili, undugu usipimwe kwa daftari la mahudhurio, na kati ya ndugu mwenye uhitaji mkubwa atangulie. Tatu, sehemu moja ya kumi ya mfuko itengwe kwa mtoto wa jirani asiye wa kanisa letu, awe wa dini yoyote. Masharti yote yasomwe mbele ya kanisa, ili atakayekosa ajue sababu.

Mama yule hakukosa ibada kwa kuipuuza. Analea watoto wa watu wengine ili wake asome. Kama yeye si wetu, tutafakari neno "wetu" lina maana gani.

Ijumaa ijayo baada ya ibada tutakaa tuamue. Njooni mkiwa mmeomba, na mkiwa mmesoma Wagalatia sura ya 6. Bwana awabariki.