Usiishie Kuuliza Kama ni Ngozi

Mnunuzi wa viatu sokoni ana swali moja analoliamini kuliko yote: "Hii ni ngozi kweli?" Muuzaji huapa, na asipoaminiwa huchukua kiberiti cha gesi akauchoma ukingo wa mkanda. Plastiki huyeyuka, ikajikunja na kutoa harufu kali. Ngozi huungua polepole, ikanuka kama unywele ulioguswa na moto. Mnunuzi akishanusa, roho hutulia na pochi hufunguka. Sina ugomvi na kiberiti hicho, kimewaokoa wengi. Lakini naona swali lenyewe limeishia njiani. Ni ngozi, sawa. Imetengenezwa kwa njia gani, na kwa kazi gani? Hapo ndipo ubora wa ngozi ulipo, na hapo ndipo unapopimwa uaminifu wa fundi, wa muuzaji na wetu sisi wanunuzi.

Tuanze na ngozi isiyodabaghiwa kabisa. Inapotoka kwa mnyama, ngozi ni nyuzi za protini zilizosukana na kujaa maji. Ukiiacha hivyo, joto letu huanza kuiozesha siku hiyo hiyo. Ukiikausha bila dawa yoyote, hukakamaa. Wapo wanaoitaka ikakamae. Mwamba ngoma huondoa manyoya na mabaki ya nyama, akaivuta ngozi ikingali na maji juu ya mdomo wa mzinga, akaifunga na kuiacha ikaukie pale pale. Ikikauka hunywea, na mkazo huo ndio unaozaa sauti. Ngozi laini ya koti haiwezi kazi hiyo hata ingekuwa ya bei mara kumi. Udhaifu wa ngozi mbichi ni unyevu: hewa ikiwa na maji mengi hulegea, ndiyo maana wapigaji huzianika ngoma juani au kuziotesha moto kabla ya shughuli. Hakuna mpigaji anayeidharau kwa sababu hiyo. Anaijua tabia yake na anaitunza.

Kudabaghi ni kuizuia ngozi isioze huku ukiilinda isikakamae. Ni kazi yenye heshima ya zamani. Katika fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, hata ngozi ya mnyama aliyekufa mzoga huwa tohara ikishadabaghiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe na vizazi vyao. Nimelitafakari hilo mara nyingi. Kitu kilichokuwa cha kutupwa hupita mikononi mwa mtu mwenye ujuzi na subira, kikatoka safi, cha kuvaliwa na kusaliwa.

Njia ya kale ni ya magome. Magome ya miti mingi yana tanini, ambayo hushikamana na nyuzi za ngozi na kuzikinga zisioze. Pwani watu waliujua mkandaa, mmoja wa miti ya mikoko. Nyanda za juu, kule Njombe, kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya miwati, miti yenye asili ya Australia ambayo magome yake hukamuliwa tanini ya viwandani.

Utaratibu wake una funzo ndani. Ngozi ikishaondolewa manyoya kwa chokaa na kuoshwa, huanza kulowekwa katika maji mepesi ya magome, ikahamishiwa makali kidogo, kisha makali zaidi. Fundi mwenye pupa akiitumbukiza katika maji makali tangu mwanzo, uso wa ngozi hufunga na dawa haipenyi tena. Kwa nje itaonekana imeiva. Ikatwe, na katikati ya unene wake utaonekana mstari uliopauka: mbichi, na baadaye ni hapo itakapovunjikia. Kwa hiyo kazi hii huchukua majuma au miezi. Huko Colyton, Uingereza, kiwanda cha familia ya Baker bado kinatumia magome ya mwaloni, na ngozi zake nene hukaa humo zaidi ya mwaka.

Subira hiyo hulipa kwa namna yake. Ngozi ya magome ni nzito na imara, na rangi yake ya kahawia imepenya hadi kati. Ukiilowesha ukaikunja katika umbo, hukauka nalo likabaki; ndiyo maana inafaa ala ya sime, soli, tandiko la farasi, mkanda wa kiuno na jalada la kitabu. Hukubali nakshi za kuchonga na kugongwa. Makubadhi ya pwani yana sifa ya nakshi hizo, na mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulijulikana katika karne ya 19 kwa mafundi wake wa ngozi pamoja na wanakili wa misahafu. Hata hivyo ngozi hii hunywa maji, na ukiianika karibu na moto hujikunja na kupasuka. Kwa kiatu cha mtoto anayevuka madimbwi kila asubuhi kwenda shule, yawezekana siyo chaguo la busara.

Kwa mtoto huyo, kromi imekuwa neema. Mwaka 1858 mkemia Mjerumani Friedrich Knapp alieleza jinsi chumvi za kromi zinavyoweza kudabaghi ngozi, na mwaka 1884 Augustus Schultz akasajili nchini Marekani njia iliyoifikisha kazi hiyo viwandani. Ngozi huzungushwa ndani ya pipa kubwa pamoja na chumvi hizo, na kudabaghiwa kwenyewe hukamilika kwa takriban siku moja. Hutoka na rangi ya samawati. Ni nyepesi na laini, hupokea rangi yoyote, hustahimili maji, na iliyoiva vizuri inaweza kutiwa katika maji yanayochemka isijikunje. Viatu vingi, makoti, mikoba na viti vya magari hutoka huko. Sehemu kubwa ya ngozi zote duniani leo hutengenezwa hivyo. Ukitaka kuitambua, tazama ukingo uliokatwa: mara nyingi kati huwa na rangi ya kijivu yenye samawati, hata kama uso ni mweusi. Lakini usimwombe fundi aichonge nakshi, kwani haishiki. Ukiikunja ikiwa na maji, hurudi ilivyokuwa.

Siwezi kumlaumu aliyeharakisha kazi ya miezi ikawa ya siku, maana ameshusha bei ya kiatu hadi mzazi wa kipato kidogo akakifikia. Ninacholaumu ni haraka ambayo gharama yake hubebwa na mwingine. Maji yanayotoka kiwandani yana kromi, chokaa, salfaidi na chumvi. Yakisafishwa, hakuna ugomvi. Yakiachiwa mtoni kama yalivyo, anayelipa ni mvuvi na mama anayechota maji chini ya mto, ambao hawakuulizwa. Huko Dhaka, Bangladesh, mtaa wa Hazaribagh ulichafuka kwa miongo mingi hadi viwanda vya ngozi vikalazimishwa kuhamia Savar mwaka 2017. Nayo njia ya magome isijitakase: mkoko ukibanduliwa gome pande zote hufa, na maji ya tanini yakimwagwa hovyo huimaliza oksijeni ya mto. Muwati uliopandwa shambani, ukavunwa na kupandwa tena, una haki zaidi kuliko mkoko uliochunwa ukaachwa.

Kuna jambo ambalo njia zote mbili haziwezi kulirekebisha, nalo hufanyika kabla ngozi haijafika kiwandani. Kovu la kupe, chapa ya moto iliyopigwa mgongoni, tundu la kisu cha mchunaji mwenye haraka machinjioni, ngozi iliyoachwa bila chumvi hadi manyoya yakaanza kung'oka: hayo yote hubaki. Mchunaji hulipwa kwa nyama, ngozi haimhusu. Kwa nini aichunge? Tunalalamika kuwa ngozi zetu ni za daraja la chini, na yule wa kwanza kuishika hatujampa sababu ya kuitunza.

Kasoro hizo ndizo zinazomtia muuzaji majaribuni. Uso wenye makovu husuguliwa ukapakwa rangi nzito mpaka vinyweleo visionekane. Au hutwaliwa tabaka la chini la ngozi iliyopasuliwa, ambalo kwa haki yake ni swedi nzuri, likafunikwa plastiki na kugongwa muhuri wa "ngozi halisi". Kiberiti kitathibitisha kuwa muhuri haukusema uongo. Baada ya misimu miwili ya mvua plastiki itabambuka, na mnunuzi ataapa kuwa ngozi haifai. Aliyeharibu hapo ni muuzaji aliyesema nusu ya ukweli akanyamazia nusu ya pili.

Kwa hiyo sitakuambia ngozi ipi ni bora. Mbichi ni bora kwa ngoma, ya magome kwa mkanda wa kurithisha, ya kromi kwa kiatu cha shule. Ninachokusihi ni kuuliza zaidi. Tazama ukingo, uliza imetengenezwa vipi na wapi, mweleze fundi utaitumia kwa kazi gani. Fundi anayejua kazi yake hufurahi kuulizwa. Na sisi sote tukubaliane kwamba mchunaji alipwe kwa ngozi isiyo na tundu, kiwanda kisafishe maji yake kabla ya kuyaachia, na muuzaji aseme ukweli wote. Kazi hiyo ina bei. Tunaotaka ngozi nzuri ndio tunaopaswa kuilipa, badala ya kumwachia deni aliye chini ya mto.