Kupanda Mlima Pasipo Haja



Katika sharika zetu za Moshi na miteremko ya Kilimanjaro liko swali liulizwalo mara nyingi, ingawa si kwa sauti kuu. Je, yafaa Mkristo mwenye shamba, mifugo na watoto aache kazi yake siku sita, apande mpaka kileleni, kisha ashuke mikono mitupu? Wazee wetu waliingia msituni kwa haja iliyojulikana: kutafuta asali, kukata miti, kutengeneza mfereji wa maji. Mtu aliyekwenda huko kutazama tu angalihesabiwa mvivu. Hata leo, apitapo mgeni na fimbo zake mbili, wako wasemao, "Huyu amekosa kazi kwao." Neno hili tusilicheke. Siku zetu zina hesabu, na kila moja tutaulizwa habari yake.

Twajibu kwanza kwamba kutazama nako ni kazi. Bwana Yesu alipowafundisha wanafunzi wake habari ya mahangaiko, aliwaelekeza kwa ndege na maua ya kondeni, wayaangalie vema. Ayubu naye alipodai jibu la mateso yake, Mungu alimwonyesha theluji, nyota na wanyama wa mwitu, ambao wengi wao hawamfai mwanadamu kwa shughuli yoyote. Viumbe hivyo ndivyo vilivyomfundisha kunyamaza. Basi mtu asiyeweza kukitazama kitu pasipo kuuliza, "Nitapata nini?" amepungukiwa na fundisho kubwa.

Tena kweli yenyewe huhitaji macho na miguu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe wa Kibo. Kiongozi wake hakuwa na jina la weupe ule. Aliuita "baridi" tu, wala hakukosea. Lakini huko Uingereza mtaalamu William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika nchi hizi, aliikataa habari hiyo kwa nguvu, kwa kuwa vitabu vyake havikukubali theluji karibu na ikweta. Ubishi uliendelea miaka mingi. Mwaka 1862 Baron von der Decken alipanda kupita mita 4,000, na mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Wamethodisti, aliifikia theluji yenyewe. Watu wawili waendao kwa miguu, mmoja akiwa hana kitabu hata kimoja, walikuwa wameona sawasawa tangu mwanzo.

Apandaye kwa macho wazi hujifunza pia habari za nyumbani kwake. Atoka katika vihamba vya migomba na kahawa, ambavyo rutuba yake yatokana na moto wa kale wa mlima huu. Aingia msitu wa ukungu wenye mbega na miti iliyovikwa kuvu na ndevu za kijani. Apita nchi ya vichaka vifupi, kisha jangwa la mawe, hata barafu ya Kibo, mita 5,895 juu ya bahari. Wengi wetu twadhani maji yetu hutoka katika barafu ile. Asiyetembea msituni hawezi kusadiki kwa urahisi kwamba sehemu kubwa ya maji hutoka katika msitu wenyewe, kwa mvua iangukayo humo na ukungu unaoshikwa na majani. Akatapo mti huko, adhani amekata mti tu, kumbe amepunguza maji ya jirani yake. Hivyo safari isiyo na haja yaweza kumfundisha mtu wajibu asioujua.

Lakini likijibiwa swali la kwanza, la pili lainuka, nalo ni zito zaidi: Aliyeutazama mlima, je, amemwona mtu aliyemchukulia chakula chake?

Vitabu vyasema kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Ni kweli. Lakini Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao katika kambi ya juu kwenye baridi kali, na wachukuzi wengine walipanda na kushuka kuwaletea vyakula. Ni wangapi kati yetu waliofundishwa shuleni jina la Mwini Amani? Naye mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alipewa heshima hadharani kama kiongozi wa safari ile mwaka 1989, miaka 100 ilipokwisha kupita.

Leo wachukuzi wa mlimani ni vijana wa sharika zetu. Wengine wamepanda mara hamsini, wala hawajautazama mlima hata mara moja, kwa sababu shingo iliyoinama chini ya mzigo huona visigino vya mwenzake tu. Kanuni za hifadhi zimeweka mzigo usizidi kilo 20. Ni kanuni njema. Lakini mizani hupima mzigo langoni. Haijui kama mchukuzi amekula, wala kama ujira wake utamfikia wote.

Wala tusidhani kwamba neno hili lawahusu wageni peke yao. Wako watu wetu wenyewe, waliobatizwa na kupata kipaimara, ambao huwasimamia wachukuzi, nao hukata sehemu ya ujira wao, au huwatoza fedha ili wapewe kazi. Mtu huyo ajua amri ya saba na maelezo yake kwa moyo. Jumapili huimba pamoja na yule aliyemdhulumu Ijumaa. Hapa twasema wazi: huo ni wizi, hata ukiitwa desturi ya kazi. Wazee wa kanisa na wafanye kazi yao, wamwonye mtu wa namna hiyo faraghani kwanza, kama Bwana alivyoagiza.

Basi twawashauri waalimu wa kipaimara: wachukueni vijana wenu siku moja hata ukingo wa msitu, pasipo mzigo, watazame. Waulizeni maji yatoka wapi. Kisha waulizeni ni nani katika nyumba zao achukuaye mizigo ya watu, na hurudi nyumbani na nini.

Barafu ya Kibo imepungua zaidi ya sehemu nane katika kumi tangu mwaka 1912. Huenda watoto wa watoto wetu wasiione. Msaada wetu haukutoka kwake wakati wowote, bali kwa Yeye aliyeufanya mlima. Naye huyaona maua ya juu, amwona na mchukuzi apitaye kando yake. Atazamaye kama Bwana wake atazamavyo hakupanda bure.

Amani ya Mungu iwe nanyi nyote.