Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone kwa Kipi?

Wahenga walipomkaribisha mgeni walimwekea na sharti: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sharti hilo ndilo kipimo kinachofaa kwa biashara moja ya utalii iliyoshamiri katika delta ya mto Mekong, kusini mwa Vietnam, nayo ni safari ya siku moja ya kuzuru soko linaloelea na vijiji vya kando ya mto. Mtalii hulipa akiwa Ho Chi Minh City, hupakiwa kwenye basi, hupandishwa mashua, huonyeshwa wachuuzi, hunyweshwa chai ya asali, na jioni amekwisharudi hotelini. Sina shaka kwamba anafurahi. Ninachodai ni kwamba furaha yake peke yake haitoshi kuihalalisha safari hiyo. Soko ni mahali pa kazi, na anayekwenda kulitazama ana deni kwa wanaoifanya kazi hiyo.

Tazama soko la Cái Răng, katika mji wa Cần Thơ, ambalo ndilo mashuhuri kuliko yote ya delta hiyo. Hili ni soko la jumla. Mashua kubwa huleta shehena za mananasi, maboga, kabichi na viazi vitamu, na wachuuzi wenye mashua ndogo hununua hapo kisha huenda kuuza rejareja kwenye mifereji ambako vyombo vikubwa haviingii. Kwa kuwa ngurumo za injini humeza sauti ya muuzaji, kila mashua husimamisha mti mrefu, na kinachotundikwa juu yake ndicho kinachouzwa. Likitundikwa kuti, mnunuzi anajua kwamba inayouzwa ni mashua yenyewe. Omo zimechorwa macho, desturi ambayo watu wa Lamu wanaifahamu kwa majahazi yao. Familia nyingi zimeishi humo humo majini, zikipika, zikilala na kulea watoto. Mwaka 2016 Vietnam iliuorodhesha utamaduni wa soko hili kuwa urithi wa taifa usioshikika. Lakini hakuna aliyelianzisha ili lipendeze. Lilizaliwa na haja, wakati barabara zilikuwa chache na mto ndio uliobeba watu na mazao.

Kazi hiyo ina saa zake. Biashara huanza kabla jua halijachomoza, na kufikia saa tatu asubuhi huwa imefifia. Kutoka Ho Chi Minh City hadi Cần Thơ ni kama kilomita 170, mwendo wa saa tatu au zaidi, hivyo anayeondoka baada ya kifungua kinywa hawezi kulikuta soko likiwa limechangamka. Ndiyo maana safari nyingi za siku moja huishia karibu, Mỹ Tho na Bến Tre, ambako mgeni huonyeshwa jinsi peremende za nazi zinavyotengenezwa na kusikilizishwa đờn ca tài tử, muziki ulioingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2013, kwa dakika chache tu kabla ya kuitwa tena mashuani. Ratiba imefuata saa za hoteli, na wenyeji ndio wanaolazimika kuifuata. Katika mpango kama huo fedha hukaa kwa mwenye basi na kwa duka alilolichagua wakala, huku muuza mananasi, ambaye sura yake ndiyo iliyolipamba tangazo la safari, akiambulia kupigwa picha.

Wapo watakaosema kwamba bila watalii soko hili lingekuwa limekwisha. Hoja yao ina uzito. Daraja la Mỹ Thuận lilifunguliwa mwaka 2000 na la Cần Thơ mwaka 2010, malori yakachukua mizigo, na idadi ya mashua imepungua sana. Hata hivyo Damnoen Saduak, nchini Thailand, inatufundisha kutofautisha. Mfereji wake wa kilomita 32 ulichimbwa kwa amri ya Mfalme Mongkut na kukamilika mwaka 1868, ukawa njia ya mazao ya wakulima. Leo soko lake linategemea zaidi watalii na bidhaa za ukumbusho. Wauzaji wa bidhaa hizo wanajitafutia riziki halali, nami siwalaumu. Lakini kilichookolewa pale ni riziki ya aina nyingine. Fedha ya mgeni hukuza kile inachokinunua, na ikinunua maonyesho, itavuna maonyesho.

Wengine watauliza kwa nini tulilie soko ambalo maendeleo yamelipita. Nami nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Daraja humfikisha mgonjwa hospitalini na mtoto shuleni, na hakuna mtalii mwenye haki ya kuitaka familia ibaki majini ili yeye apate mandhari. Ndiyo maana simdai mchuuzi chochote. Ninayemdai ni mgeni: alale Cần Thơ, akodi mashua ya mwenyeji alfajiri, anunue tambi na kahawa kwa wanaoviuza pale pale mtoni, anunue nanasi kwa bei ya haki, na aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Ataambiwa kwamba hilo ni ghali na muda hautoshi. Kwa asiye na muda, afadhali achague kijiji kimoja akae nacho mchana kutwa kuliko kupitishwa vitano mbio mbio. Na kampuni inayotangaza soko linaloelea iwapeleke wateja wake saa ambazo soko lipo, na fungu la nauli liwafikie wenye mashua. Isipoweza hayo, iondoe picha ya muuza mananasi kwenye tangazo lake, kwa sababu inauza jasho la mtu isiyemlipa.